Mzee Uliyemwona Akicheka

Kwako Kaka yangu,

Salamu hizi zikukute umekaa, umeshiba, na umevua viatu. Wifi hajambo? Na wanangu watatu, wanakua? Yule wa mwisho ameacha kulala na kiatu mkononi, au bado anaogopa kitaibiwa? Mwambie shangazi yake amecheka peke yake jikoni aliposoma habari hizo, na jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Mimi mwili ni mzima. Jino la nyuma linanisumbua, lakini daktari wa meno alifunga duka akaondoka, kwa hiyo mimi na jino tumeelewana tuvumiliane. Umeme unakuja ukitaka. Maji tunapata asubuhi. Mizinga tunaisikia kila siku, na watu wameizoea hivi kwamba siku ikinyamaza ndipo wanatoka nje kuulizana. Ya mwili ni hayo. Ya moyo utayasoma taratibu, na ninakuomba usiyasome mbele ya watoto.

Barua hii anakuletea muuguzi niliyekutajia, yule anayevuka mpaka kila wiki kufuata dawa. Posta yetu siku hizi inafungua barua kabla mwenyewe hajazifungua, na hii sitaki isomwe na mtu mwingine.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, tangu lini dada yako amekuwa mcheza filamu, mpaka ukamwona kwenye televisheni ya kituo cha mabasi amevaa gauni la maua, anakunywa juisi kando ya ziwa. La pili, yule mzee anayecheka karibu yangu mpaka machozi yanamtoka ni nani, maana sura yake imekuganda kichwani na hujui umeionea wapi. Barua hii nimeianza mara nne. Safari hii nimeapa sitaichana.

Unajua kazi yangu ni mavazi. Idara ya Utalii ilipokuwa na maonyesho, mimi ndiye niliyewavisha wacheza ngoma na kuwapaka poda wasing'ae. Vita vilipoanza nilidhani tutakuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani, kwa sababu nani atakuja kutalii kwenye mizinga? Kumbe nilikuwa sijui serikali. Idara nyingine zilipunguza watu, yetu ikaongeza. Mkurugenzi alituita ukumbini akasema kwamba adui anapigana kwa bunduki, lakini sisi tutapigana kwa picha. Kwamba huko nje kuna maonyesho makubwa ya utalii, na nchi ambayo watu wake wanapumzika kando ya ziwa hakuna mtu atakayeamini kwamba inaungua. Tukapiga makofi. Nyumba inawaka moto, sisi tumepewa chokaa tupake ukuta wa mbele. Kampeni ikaitwa Njoo Upumzike.

Filamu ikapangwa kupigwa kwenye ile hoteli ya ziwani ambayo mama alikuwa anafulia mashuka yake. Imefungwa mwaka mzima. Upande mmoja wamelazwa maofisa waliojeruhiwa, kwa hiyo tuliambiwa kamera isigeuzwe upande huo hata kwa bahati mbaya. Bwawa la kuogelea lilikuwa kavu, na ndani yake mmeota majani. Gari la zimamoto lililetwa likajaza maji, na siku hiyohiyo soko la nguo liliungua kwa sababu gari lilikuwa kwetu. Sikuzidishii chumvi, Kaka. Moshi wake tuliuona tukiwa tunapanga viti.

Mwongozaji wa filamu ni kijana tunayemwita Miwani, kwa sababu miwani yake huiweka juu ya paji la uso halafu anaitafuta mezani. Si mtu mbaya. Alikuwa anapiga filamu za harusi kabla ya vita. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hoteli haikuwa na wageni. Wenye nafasi mjini wameshakimbia, na waliobaki hawataki sura zao zionekane popote. Hapo ndipo mkurugenzi akatoa wazo kwamba wageni wapo, tena mamia, na wamelala bure kwenye ghala la pamba.

Ghala hilo liko nje ya mji. Wamewekwa humo watu waliokimbia kutoka milimani. Nilitumwa mimi na dereva tukachague watu ishirini. Niliandikiwa sifa kwenye karatasi: wenye meno yaliyokamilika, wasiokohoa, wasio na bandeji, wasiwe wembamba wa kutisha. Nikapita katikati ya mikeka nikiangalia watu midomoni kama anayenunua mbuzi. Niliwaambia watalala vitandani siku tatu, wataoga maji ya moto na kula. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama mmoja alinionyesha meno yake kabla sijafika kwake.

Nguo nilikuwa nazo, arobaini, za kuazima dukani, na karatasi za bei bado zimening'inia kwapani. Lakini zilikuwa zimeshonewa watu walioshiba. Hawa ukiwavisha zinawapwaya mpaka magotini. Nikachukua vibanio vya nguo, vile vya kamba, nikawa nawabana mgongoni, huku mbele gauni linakaa vizuri. Palikuwa na mjane mmoja, fundi cherehani, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alijitazama kwenye kioo, akageuka akatazama vibanio kumi vilivyojipanga mgongoni, akasema kweli hii ndiyo serikali yetu, mbele bibi harusi, nyuma kamba ya nguo. Tulicheka wote. Ilikuwa mara ya mwisho mimi kucheka kwa raha, kwa hiyo naikumbuka.

Siku ya kwanza walipewa mkate, mayai na juisi kwa ajili ya picha ya kifungua kinywa. Miwani aliposema warudie, mkate ulikuwa umekwisha. Ukaletwa mwingine, nao ukaisha. Mara ya tatu msaidizi wake alipaka mikate vanishi ya mbao ili waishike tu bila kuila, tena ikang'aa vizuri mbele ya kamera. Bibi mmoja alikwangua vanishi kwa kucha, akala. Mchana alitapika nyuma ya maua, nami nikamfuta mdomo na kumpaka poda upya, kwa sababu alikuwa bado anahitajika kwenye picha ya jioni.

Sasa nakuja kwa yule mzee.

Nilimchagua mimi mwenyewe ghalani, kwa meno. Mrefu, kichwa kimenyolewa, ndevu nyeupe. Sikumjua. Nilimwandika kwenye orodha kwa namba, kama wengine. Asubuhi ya kwanza hotelini nikampa shati jeupe, nikasimama nyuma yake nimbane. Nilikuwa nimeshika kibanio cha pili. Ukosi ulikuwa umejikunja, nikaushusha, na hapo, Kaka, chini ya mfupa wa kisogo, kushoto, nikaona kovu. Lile la kukatwa na bati. Lile lililokatika pande mbili kama mguu wa kuku.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne baba alipoondoka, kwa hiyo wewe unakumbuka uso. Mimi nilikuwa na sita. Uso wake niliusahau mapema, hata ningeupita njiani. Lakini nilikuwa naketi mabegani kwake kila jioni, na mbele ya macho yangu palikuwa kisogo chake na kovu lile, ambalo nililikuna kwa kidole mpaka ananiambia niache, linamtekenya. Kisogo ndicho nilichokijua. Na siku ile alipotoka na mfuko wake akasema anakwenda kutafuta kazi, ni kisogo hichohicho nilichokiona kikienda.

Kibanio kiliniponyoka kikaanguka. Yeye akainama akakiokota, akanipa bila kunitazama, akasema pole. Nikambana vibanio sita, nikaenda chumba cha mashuka nikajifungia, nikauma taulo.

Utaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Nimejiuliza mimi kabla yako. Nilikumbuka wewe ukirudi kutoka kwenye tanuri la matofali, viganja vimechubuka, na daftari zako za shule mama akiwashia moto moja moja kwa sababu hazikuwa na kazi tena. Nilikumbuka mama akitega sikio kila pikipiki ikipita. Miaka miwili ya kutega sikio, halafu akafa. Nikasema huyu hakutuma hata salamu, na mimi leo nimkimbilie shingoni? Nikaamua kunyamaza nimwangalie.

Siku mbili nilimwangalia. Alikuwa mkimya, msafi, anakunja nguo zake vizuri akivua. Wazee wote wa kiume pale niliwaita baba, kama unavyomwita mzee yeyote: baba inua mkono, baba geuka kidogo, baba pole. Yeye peke yake nilimwita mzee. Sidhani kama mwingine alitambua, lakini mimi nilitambua kila mara, na nilikuwa naona raha kidogo. Sikujua kama yeye ananijua. Jina langu pale hawakuwa wanaliita. Nilikuwa dada wa nguo.

Siku ya tatu ilikuwa picha kubwa, ile uliyoiona. Familia mezani: babu, binti yake, ziwa nyuma. Mwanamke aliyepangwa kuwa binti aliamka na homa, anatetemeka mpaka vibanio vinalia. Miwani akaanza kutafuta miwani yake, akaipata, akaniona mimi. Akasema gauni la maua lile litanikaa bila hata kibanio kimoja, kwa nini tunahangaika? Nilikataa. Nikasema mimi kazi yangu iko nyuma ya kamera. Akaniambia jua linapanda na wanajeshi wametupa mpaka saa nne. Basi nikavaa. Hivyo ndivyo nilivyopata uigizaji, Kaka. Nikaketishwa mezani, na baba yangu mzazi akaletwa aketi karibu yangu aigize kuwa baba yangu.

Unajua filamu ile ina muziki mwanzo mpaka mwisho. Ni kwa sababu mizinga ilikuwa inasikika, kwa hiyo sauti haikurekodiwa kabisa. Miwani alituambia tuzungumze lolote, hata tuhesabu namba, muhimu midomo ichezecheze na tutabasamu. Akapaza sauti tuanze. Baba akainua glasi, akatabasamu vizuri kama alivyoelekezwa, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama yenu mlimzika wapi?"

Kaka, mimi nilikuwa nimetabasamu tayari, na tabasamu likanikaa usoni likagoma kuondoka.

"Nyuma ya tanuri la matofali," nikamjibu. "Kaka alichimba mwenyewe, na wenzake wawili."

"Kuna kivuli?"

"Hakuna."

"Changamkeni!" Miwani akapiga kelele. "Mko mapumzikoni, si msibani!"

Baba akanisogezea sahani ya mkate uliopakwa vanishi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye likizo. Akaniuliza, "Na kaka yako? Yupo?"

"Yupo. Yuko ng'ambo ya mpaka. Ameoa."

"Ana watoto?"

"Watatu."

"Watatu!" akasema, na hapo ndipo akacheka. Alirudisha kichwa nyuma akacheka kwa kweli, akapiga meza kwa kiganja, juisi ikamwagika, akasema tena "Watatu!" na machozi yakamtoka yakaingia ndevuni. Mimi nikamtazama, na sijui ni nini kilinipata, nikacheka na mimi. Miwani alikuwa anarukaruka nyuma ya kamera kwa furaha. Kicheko hicho ndicho ulichokiona kituoni. Alikuwa anakuchekea wewe, Kaka. Anawachekea watoto wako.

Basi sasa unajua ni nani.

Nilisubiri aendelee. Nilisubiri lile neno moja. Alinitambuaje, na kifo cha mama alikisikia wapi, sikumuuliza. Miwani akasema imetosha, watu wakaanza kukunja meza, na baba akasimama, akavua shati, akatoa vibanio vyote sita yeye mwenyewe, akavipanga kwenye kiganja changu. Mchana ule lori lilikuja, wakapanda kurudi ghalani, isipokuwa wanne waliobaki kufanya kazi hotelini, fundi cherehani akiwa mmojawapo. Baba alipofika kwenye ngazi ya lori aligeuka akaniambia, kama mzee yeyote anavyomwambia binti yeyote, "Kwaheri, mwanangu." Nami nikamjibu, "Kwaheri, mzee."

Wiki tatu baadaye filamu ikatoka. Ikatazamwa huko nje, ikatazamwa huku, mabango yakabandikwa. Mkurugenzi akapongezwa kwa barua. Akatuita ofisini akasema sehemu watu wanayoipenda ni ya yule babu, kwa hiyo ipigwe ya pili haraka, babu yuleyule, safari hii ndani ya mtumbwi. Nikaambiwa niende na dereva nikamlete.

Sitakuficha, nilifurahi. Usiku wa jana yake nilikuwa nimeamua. Zaidi ya wiki tatu ni nyingi kukaa na jambo kama lile tumboni. Nilichukua blanketi na sabuni, na lile shati jeupe, ambalo nilikuwa nimelipunguza kwa mkono limkae bila kibanio. Ndani ya gari nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema baba, kimya kimya, na dereva akaniuliza kama jino linauma.

Tulipokata kona ya mwisho hatukuliona paa. Ghala lilikuwa limepigwa mizinga asubuhi ya siku iliyotangulia. Kuta mbili zilikuwa zimesimama. Pamba iliyokuwa imebaki stoo ilikuwa inaungua polepole bila ndimi za moto, na vipande vyake vilikuwa vimepeperuka na kutua juu ya kila kitu, juu ya mikeka, juu ya nyasi, juu ya watu waliokuwa wanachimba. Redio haikutangaza. Sisi idara ya picha hatukuambiwa. Walikufa watu sitini na mmoja.

Walikuwa wamewalaza chini ya maturubai, na karani mmoja wa manispaa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari la ghala mapajani, analinganisha. Nilimtambua baba bila kufunuliwa uso. Alikuwa amelala kifudifudi, kisogo juu.

Nikamwonyesha karani. Akatafuta kwenye daftari, akasoma polepole kwa kidole. Jina, umri, kazi fundi wa mabati. Halafu akasoma: watoto wawili. Chini yake yalikuwa majina yetu, lako na langu, yameandikwa kamili, na miaka yetu, Kaka, ya sasa, bila kukosea hata mmoja. Mahali walipo: hajui. Hayo aliyasema siku aliyopokelewa, miezi mitatu kabla mimi sijafika pale na karatasi yangu ya meno.

Karani akaniambia kwamba mwenye ndugu anapewa kaburi lake na ubao, asiye na ndugu anaingia handaki moja na wenzake. Akaninyanyulia macho akaniuliza kama mimi ni mmoja wa hao wawili.

Nikasema hapana. Nikasema nilifanya naye kazi.

Sijui lilitoka wapi. Dereva wa idara alikuwa amesimama nyuma yangu, na mkurugenzi asingependa kusikia kwamba babu wa kwenye mabango ni baba wa mfanyakazi wake na amekufa kwa mizinga. Labda ni hilo. Labda ni ulimi uliozoea siku tatu kumkana na haukujua kuacha. Akaandika, akafunga daftari. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa miguu, peke yangu, kumwambia ukweli. Handaki lilikuwa limefukiwa.

Mkurugenzi nilimwambia kwamba mzee amefariki. Akasikitika kweli, halafu akaniambia nitafute mwingine anayefanana naye.

Sasa Kaka, kuna kipande nimekiruka. Nimekiruka kwa makusudi, nikitumaini kwamba nikifika hapa nitakuwa nimechoka na nitaaga tu. Lakini usipokijua hiki, basi barua nzima ni kama filamu ile.

Ile siku ya tatu, kabla ya lori, meneja wa hoteli alikuja kwa Miwani akasema anahitaji watu wanne wabaki kabisa, bustani na dobi, kwa sababu wafanyakazi wake wamechukuliwa jeshini. Watalala hotelini na watakula. Miwani akasema dada wa nguo ndiye anayewajua, yeye aandike. Nikapewa karatasi. Mimi, Kaka. Si mkurugenzi, si jeshi.

Nilikwenda kuandikia chumba cha mashuka, dirisha linatazama bustani. Habari za kazi hizo zilikuwa zimeshawafikia. Wengine walikuwa wamekuja mlangoni kuniomba, wengine wamenishika mikono. Baba hakuja. Alikuwa bustanini, amepiga magoti chini ya dirisha langu, anang'oa magugu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anayang'oa kwa mizizi na kuyapanga fungu fungu, upesi upesi, aonekane bado anafaa. Nilijua anafanya nini. Alijua niko dirishani. Mara moja aliinua uso akafuta jasho, tukatazamana, akarudi kwenye magugu.

Niliandika majina matatu. La nne nikalisimamisha. Nilitaka aje aniombe. Nilitaka aje asimame mlangoni kama wengine aseme nisamehe, nami niwe na kalamu mkononi. Nikasubiri. Yeye akaendelea kung'oa. Labda alifikiri hana haki ya kuomba kwangu kwa mdomo, ndiyo maana aliomba kwa mikono. Mimi nikataka mdomo. Honi ya lori ikapigwa. Nikaandika jina la kijana mmoja mwenye mabega mapana ambaye hata sikuwahi kuzungumza naye.

Nilijiambia ninamlipizia kaka yangu. Ni uongo. Wewe hukunituma. Ulikuwa kwako, unalea watoto watatu.

Huyo ndiye dada yako. Nimelala na jambo hili siku kumi na tisa, na sasa nimekugawia, jambo ambalo nalo si haki.

Nilimrudia yule karani mara ya tatu. Hakunigombeza. Alisema ananikumbuka, kwamba nilisema nilifanya naye kazi, na kwamba yeye hawezi kubadilisha daftari kwa neno la mtu mmoja aliyesema vingine mbele ya shahidi. Lakini wanaandaa ubao mmoja wa handaki lile wenye majina ya waliothibitishwa na ndugu. Watoto wote wawili waliomo daftarini wakitia saini, jina litawekwa. Fomu nimeikunja ndani ya barua hii. Mstari wangu nimeshausaini. Wako uko chini yake. Ubao unaandikwa mwisho wa mwezi.

Sikwambii usaini. Wewe ndiye uliyebeba matofali, na wewe ndiye uliyemzika mama. Ukiona hastahili, sitakuuliza, wala sitakuja kulitaja tena maisha yangu yote. Kama hasira yako ni kwangu, hiyo nayo ni yangu, usiipunguze.

Msalimie wifi, mwambie dawa ya kikohozi aliyoniagizia imenifaa. Wabusu watoto, mmoja mmoja, wote watatu. Kama watakuuliza yule babu wa kwenye televisheni ni nani, utawaambia utakavyoona.

Muuguzi anarudi Jumatano kwa gari la mchana. Nitakuwa nimesimama kituoni.

Ni mimi mdogo wako.